Wenzako Kwenye Simu, Saa ya Hamu ya Sigara

Katika miji midogo ya Kitui, sigara hununuliwa moja moja. Mwenye kibanda huchomoa moja kutoka kwenye paketi iliyokwisha kufunguliwa, mteja huacha sarafu kaunta, huwasha kwa kiberiti cha gesi kinachoning'inia kwa kamba dirishani, kisha hurudi kwenye pikipiki yake kungojea abiria. Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara katika paketi yenye chini ya sigara 10, lakini biashara hiyo ya rejareja inaendelea mchana kweupe, katika mji wa Tseikuru kama kwingineko nchini. Kwa mtu anayetaka kuacha, ugumu unaanzia hapo hapo. Hahitaji kuwa na bei ya paketi nzima ndipo arudie. Sarafu iliyobaki mfukoni inatosha.

Na wanaotaka kuacha si wachache. Utafiti wa kitaifa kuhusu matumizi ya tumbaku miongoni mwa watu wazima, uliofanywa Kenya mwaka 2014, ulikuta watu milioni 2.5 wakitumia tumbaku ya aina moja au nyingine, yaani asilimia 11.6 ya watu wazima wote. Kati ya wavutaji, zaidi ya 7 katika kila 10 walisema wamepanga kuacha au wanawazia kuacha. Nia wanayo. Wanachokosa ni msaada wa kuwavusha siku zile za kwanza, hasa wanaoishi mbali na miji mikubwa.

Tseikuru iko kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, upande unaoelekea Mto Tana. Anayesafiri kwa barabara kuu ya Thika kwenda Garissa huiacha Mwingi, akapitia Kyuso ndipo akafika. Ni nchi kavu ya mbuzi, mizinga ya nyuki, ndengu na mtama, ambako boma na boma zimeachana na hospitali ya kaunti ndogo inahudumia eneo pana. Hakuna atakayekodi bodaboda kwenda kumwona daktari kila hamu ya sigara inapompanda. Lakini simu iko mfukoni, na waliokwisha kuacha wanaweza kupatikana humo usiku na mchana.

Hamu yenyewe ina chanzo chake mwilini. Moshi ukivutwa, nikotini hufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20 na kuchochea dopamini, kemikali inayomfanya mtu ajisikie vizuri. Ubongo ukishazoea, huanza kudai. Nikotini iliyo kwenye damu hupungua kwa nusu katika muda wa saa mbili hivi, na ndiyo sababu mvutaji sugu hawezi kushinda kutwa bila kuwasha. Akiacha ghafla huingia arosto: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyo ya kawaida, kushindwa kutulia mahali pamoja. Siku mbili tatu za kwanza ndizo kali zaidi, na kwa wengi hali hupoa ndani ya wiki mbili hadi nne. La kutia moyo ni kwamba kila hamu inapopanda haikai sana. Huja kwa nguvu, ikadumu dakika chache, kisha ikashuka yenyewe hata kama mtu hakuvuta.

Dakika hizo chache ndizo zinazoamua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kati ya wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, takriban asilimia 4 tu ndio hufaulu, na kwamba ushauri wa mhudumu wa afya pamoja na dawa zilizothibitishwa huongeza nafasi ya kufaulu zaidi ya mara mbili. Chingamu na vibandiko vya nikotini, ambavyo humpa mtu nikotini kidogo kidogo bila moshi huku mwili ukizoea, viliingizwa na shirika hilo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Hata hivyo, dawa kuwa kwenye orodha ni jambo moja, na kuipata kwenye duka la dawa la mji mdogo, kwa bei anayoimudu kibarua, ni jambo jingine.

Upo msaada mwingine usiouzwa dukani, nao ni watu.

Mwaka 2008, watafiti Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu watu 12,067 wa Marekani waliofuatiliwa kati ya mwaka 1971 na 2003 katika utafiti maarufu wa magonjwa ya moyo wa Framingham. Walitaka kujua nani aliacha sigara, lini, na nani alikuwa karibu naye. Waligundua kwamba watu waliacha kwa makundi, wale wanaojuana wakifuatana. Mume au mke akiacha, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, ulipungua kwa asilimia 36. Ndugu wa tumbo moja akiacha, kwa asilimia 25. Aliyelelewa na rika lake stejini atalielewa jambo hili bila kuelezwa sana. Sigara ya kwanza wengi hupewa na rafiki, tena bure, na anayejaribu kuacha akiwa katikati ya marafiki wanaovuta hupambana na mwili wake na wenzake kwa wakati mmoja.

Simu imewapa watu kama huyo njia ya kupata kundi jingine. Huko Hong Kong, watafiti waliwachukua watu 136 waliokuwa wameacha sigara karibuni kwa msaada wa kliniki, wakaweka baadhi yao kwenye vikundi vya WhatsApp, wengine kwenye vikundi vya Facebook, na waliobaki wakapewa maelezo ya kawaida tu. Vikundi vilidumu miezi miwili, kila kimoja kikiwa na msimamizi aliyetuma mawaidha na kujibu maswali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba miezi miwili baadaye, waliorudia sigara kwenye vikundi vya WhatsApp walikuwa asilimia 17, ilhali wale wasiokuwa na kikundi walikuwa karibu asilimia 43. Baada ya miezi sita, pengo lilikuwa asilimia 40.5 kwa 61.1. Vikundi vya Facebook havikuonyesha manufaa ya wazi kama hayo. Kwenye WhatsApp watu waliandikiana zaidi, na ujumbe uliwafikia palepale walipo.

Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine nacho kilipima vikundi vya siri vya watu 20 kwenye Twitter, vilivyodumu siku 100. Wahusika 160 walipewa vibandiko vya nikotini, lakini nusu yao tu ndio walioingizwa kwenye vikundi. Kwa muda wa siku 60 zilizofuatiliwa, asilimia 40 ya wenye vikundi walisema hawakuvuta, mara mbili ya wenzao waliopewa vibandiko bila kikundi. Uingereza, jaribio kubwa la watu 5,800 lilionyesha mwaka 2011 kwamba hata ujumbe mfupi wa kawaida wa simu, ule usiohitaji bando, ulizidisha mara mbili idadi ya walioacha: asilimia 10.7 kwa 4.9 baada ya miezi sita, tena baada ya kuthibitishwa kwa vipimo vya mate. Mwezi wa Julai 2024, Shirika la Afya Duniani liliposambaza mwongozo wake wa kuwatibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku, liliutaja msaada wa kupitia simu miongoni mwa njia zinazofaa kutumika pamoja na ushauri na dawa.

Mazungumzo ya vikundi hivi hayana maneno makubwa. Ni saa tatu usiku, mtu ametoka kula, mkono unapapasa mfuko wa shati. Anaandika: "Leo imenizidi." Mmoja anamwambia anywe maji ya baridi, tena polepole. Mwingine anamuuliza yuko na nani, na kama wanavuta, aondoke hapo kwanza. Wa tatu, aliyeacha miezi miwili iliyopita, anamtumia sauti kumweleza jinsi siku ya tatu ilivyomtesa na jinsi ya kumi ilivyokuwa nyepesi. Kufika wakati huo dakika kumi zimepita, hamu imeshuka, na usiku huo hakuvuta. Kesho yake asubuhi atakuwa yeye anayemjibu mwingine.

Ukambani, kusaidiana kwa namna hii kuna mizizi. Mwethya, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, umejenga matuta ya mashamba na mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu, na tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL limeshirikiana na wanakijiji wa Kitui kujenga mamia ya mabwawa hayo. Kila nyumba huleta mtu, kila mtu hubeba mawe, na asiyeonekana huulizwa kulikoni. Kikundi cha kuacha sigara hufanya kazi kwa mtindo huo huo: mtu anajua kwamba akinyamaza siku mbili, atatafutwa.

Kikundi kama hicho kikianzishwa Tseikuru, hata hivyo, hakiwezi kuzungumzia sigara peke yake. Utafiti wa 2014 uliwakuta wanawake wanaovuta wakiwa asilimia 0.8 tu, lakini wanaotumia tumbaku isiyo ya moshi walikuwa asilimia 3.8. Hapo ndipo ulipo ugoro, ambao wazee wa kike na wa kiume hunusa au kuuweka mdomoni, na ambao watu wengi hawauhesabu kuwa uraibu. Una nikotini ile ile, na tumbaku ya kutafuna na kuweka mdomoni husababisha saratani ya kinywa, ya umio na ya kongosho. Bibi anayetaka kuacha ugoro huenda hana simu ya kisasa wala hapendi kuandika mambo yake mbele ya vijana. Anahitaji kikundi cha rika lake, pengine kile kile cha chama chake cha kila wiki.

Hapo ndipo wahudumu wa afya ya jamii wanapofaa. Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua wahudumu 100,000 wa aina hiyo nchini, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia taarifa za nyumba wanazotembelea. Mhudumu anayejua nani kwenye kijiji ana kikohozi kisichoisha, nani ana shinikizo la damu na nani ni mjamzito, anaweza pia kuuliza nani anavuta na nani angependa kuacha, kisha akawaunganisha.

Vikundi vya mtandaoni vina hatari zake. Wafanyabiashara huingia na chupa za "dawa ya kuacha sigara kwa siku tatu" zisizojulikana zimetengenezwa na nini. Wengine huwauzia watu sigara za kielektroniki au vifuko vya nikotini kana kwamba ni tiba; mwaka 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alilazimika kuingilia kati akisema usajili wa vifuko vya nikotini vya chapa ya Lyft nchini haukufuata sheria. Msimamizi mzuri huwatoa wauzaji bila kusita, huwakumbusha wanachama wasisambaze nje yanayosemwa ndani, na huwaelekeza hospitalini wenye maumivu ya kifua, wanaokohoa damu au wenye huzuni isiyowaachia. Aliye na mimba au anayetumia dawa za kila siku azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kutumia chingamu au kibandiko chochote.

Fedha nazo huwatia watu nguvu. Tuseme mtu anavuta sigara 10 kwa siku na kila moja anainunua kwa shilingi 15. Hizo ni shilingi 150 kwa siku, 4,500 kwa mwezi, na 54,750 kwa mwaka: karo, mabati, mbuzi kadhaa. Huko Ufilipino, benki moja iliwaalika wavutaji waweke akiba kwa miezi sita kwa sharti kwamba wakipimwa mkojo na kukutwa na nikotini, fedha zao zitapelekwa kwa wenye shida. Walioalikwa waliacha kwa wingi zaidi kuliko wasioalikwa, na tofauti hiyo ilikuwepo hata baada ya mwaka mzima. Vyama vya akiba vya Tseikuru vinaweza kuanza na sharti jepesi zaidi: kila mwanachama atume kwa M-Pesa pesa za sigara ambazo hakununua wiki hiyo, azikute zote mwisho wa mwaka.

Mwili nao hulipa mapema. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kushuka. Saa 12 baadaye, hewa ya sumu ya kaboni monoksidi kwenye damu hurudi kiwango cha kawaida. Ndani ya miezi michache kikohozi na kuhema hupungua. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa nusu ya ile ya anayevuta, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo hushuka hadi karibu nusu. Uchunguzi wa madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50 kuanzia 1951 ulionyesha kwamba aliyeacha akiwa na miaka 60 alijiongezea takriban miaka 3 ya kuishi, na aliyeacha akiwa na miaka 30 aliipata karibu yote 10 ambayo sigara ingemnyang'anya.

Anayetaka kuanza na achague siku, awaambie wawili watatu anaowaamini, na aondoe kiberiti na sigara nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo. Wafungue kikundi kidogo, wamweke mtu aliyekwisha kuacha awe msimamizi, na wakubaliane kwamba anayeteleza atasema siku hiyo hiyo bila kukaripiwa, maana wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kuacha moja kwa moja. Asiye na simu ya WhatsApp, au asiye na mtu wa kumwambia, anaweza kupiga 1192, laini ya ushauri isiyotozwa malipo ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, akiwa Tseikuru au popote nchini Kenya.