Umelipa Kaunti, Lakini Risiti Iko Wapi? Jinsi Idara za Mji wa Machakos Zinavyopokea Pesa Yako

Ukiwa na biashara mjini Machakos, simu yako hulipa ofisi za umma karibu kila wiki. Leo ni ushuru wa soko, kesho ni maegesho, mwisho wa mwezi bili ya maji inafika, na kibali cha biashara nacho kina siku yake. Watu wengi huyaita malipo haya yote kwa jina moja tu: pesa ya kanjo. Shida huanzia hapo. Mji hauendeshwi na dawati moja. Una idara kadhaa, kila moja na kazi yake, na baadhi ya ofisi unazodhani ni za kaunti si za kaunti hata kidogo.

Kuna swali moja linalotufikia mara nyingi: "Nimelipa, ujumbe ninao kwenye simu, sasa mbona askari wa kaunti anasema sijalipa?"

Jibu fupi ni hili. Ujumbe wa simu unathibitisha kwamba pesa imetoka kwako na kuingia kwenye akaunti fulani. Risiti ya idara ndiyo inayothibitisha kwamba idara imejua pesa hiyo ni ya nani na ni ya nini. Ukikosa hiyo ya pili, duka lako linaweza kufungwa na pesa yako iko benki ya kaunti. Tuone ni kwa nini.

Nani anaendesha mji

Mpaka mwanzoni mwa 2013, Machakos ilikuwa na baraza la manispaa lenye meya, madiwani na karani wa mji. Neno "kanjo" tulilirithi enzi hizo, na bado linatumika ingawa baraza lenyewe halipo. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kazi za mabaraza ya miji zilichukuliwa na serikali za kaunti, kama Katiba ya 2010 ilivyopanga. Mji wa Machakos ukawa makao makuu ya kaunti nambari 16.

Manispaa haikufa, ila ilibadilika. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inaipa manispaa bodi na meneja wa kusimamia shughuli za kila siku. Lakini bodi hiyo hufanya kazi chini ya kaunti. Ndiyo maana kibali chako cha biashara kina jina la kaunti, hata kama duka lako liko katikati ya mji.

Kazi zenyewe zimeorodheshwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba: masoko, leseni za biashara, maegesho, taa za barabarani, barabara za kaunti, uzoaji taka, zimamoto, mipango ya ardhi, afya na huduma za maji. Karibu kila moja kati ya hizi ina malipo yake.

Siku moja ya kazi

Kabla jua halijatoka, watu wa usafi huwa wameshaanza kufagia na kuzoa taka, kwa sababu soko la Marikiti likijaa watu hakuna lori linalopita tena. Wauzaji wa ndengu, mbaazi, mboga na maembe wakishapanga bidhaa, wanaokusanya ushuru wa soko hupita. Huo ni ushuru wa siku hiyo. Risiti ya leo haikusaidii kesho, na risiti ya jirani haikusaidii hata leo.

Barabarani, wahudumu wa maegesho huangalia namba za magari. Hapa kinacholipiwa ni gari, si mwenye gari. Ukiwa na magari mawili na ukakosea namba moja, mtambo utaonyesha gari moja limelipiwa mara mbili, na lile la pili litafungwa gurudumu huku wewe ukiapa kwamba umelipa.

Ofisi zikifunguliwa, idara ya biashara hushughulikia vibali. Kibali kimoja kinaweza kugusa idara zaidi ya moja. Ukifungua hoteli ya muthokoi na chai, idara ya biashara inataka kujua unauza nini na eneo lako lina ukubwa gani. Afya ya umma inataka kuona jikoni, choo na vyeti vya afya vya wanaoshika chakula, ambavyo hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Zimamoto wanataka kujua una kifaa cha kuzima moto na njia ya kutokea. Kulipia kibali hakumaanishi umemaliza na afya ya umma. Uliza mapema ni malipo gani yako kwenye ankara moja na yapi yanalipwa kando.

Idara ya ardhi na mipango nayo hupokea michoro ya nyumba na kodi ya viwanja, ile ambayo wengi huiita reti. Kama shamba au ploti yako ni ya kukodishwa kutoka kwa serikali, kuna malipo mengine ya kila mwaka ya ukodishaji huo. Hayo ya pili huenda kwa serikali ya kitaifa. Majina yanafanana, lakini akaunti ni tofauti na deni la moja halipunguzwi na malipo ya nyingine.

Jioni, idara ya mapato hufunga hesabu. Kwa kawaida hulinganisha pesa zilizoingia na bili zilizokuwa zinadaiwa. Pesa ikifika na nambari sahihi, bili inafutwa. Ikifika na nambari isiyoeleweka, inabaki pale ikisubiri mtu aje kuidai.

Sio kila kitu ni cha kaunti

Maji ya mji huuzwa na kampuni ya maji na majitaka, ambayo ina mita zake, bili zake na akaunti zake, japo huduma ya maji kikatiba ni kazi ya kaunti. Bwawa la Maruba likikauka wakati wa kiangazi, anayekujibu kuhusu mgao ni kampuni ya maji, si dawati la vibali.

Hospitali ya Machakos Level 5 ni ya kaunti, lakini malipo yake yana njia yake. Sheria iliyopitishwa 2023 inaruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na pesa vinazokusanya ili zitumike pale pale kwa dawa, vifaa na matengenezo. Kwa hiyo usilipie bili ya hospitali kwa nambari uliyotumia kulipia kibali.

Umeme ni wa kampuni ya kitaifa. Pasipoti, leseni ya udereva na cheti cha kuzaliwa ni huduma za serikali ya kitaifa, zinazolipiwa kupitia eCitizen kwa nambari 222222 tangu 2023. Mtu akikuambia ulipe ushuru wa soko kwa 222222 kwa sababu "serikali ni moja", simama kwanza. Fuata nambari iliyochapishwa kwenye bili ya idara inayokudai.

Nambari ya akaunti ndiyo jina lako

Ukichagua Lipa Bili, simu inakuuliza nambari ya biashara na nambari ya akaunti. Ya kwanza inaonyesha ni taasisi gani. Ya pili inaonyesha ni deni gani. Afisa wa mapato hakujui kwa sura, na mtambo wake haujui kwamba simu hii ni ya mama mboga wa karibu na stendi. Kinachomwambia ni wewe ni ile nambari ya akaunti: nambari ya bili ya kibali, namba ya gari, nambari ya mita au nambari ya ploti.

Tuseme umeandikiwa bili ya kibali ya shilingi 6,000. Unamtuma kijana wako alipe, naye anaandika jina la duka badala ya nambari ya bili. Pesa inafika kaunti salama. Lakini bili yako bado inasoma shilingi 6,000, kwa sababu hakuna bili inayoitwa "Duka la Baraka". Wiki mbili baadaye mkaguzi anafika, anaangalia mtambo na kuona deni. Hajakosea, na wewe hujadanganya. Kinachokosekana ni uzi wa kuunganisha pesa na bili.

Kabla ya kubonyeza, na baada ya kulipa

Kwanza, omba bili au ankara. Usilipe kwa kuambiwa kwa mdomo. Katiba, kifungu cha 210, inasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa bila sheria. Viwango vya kaunti huwekwa kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, kwa hiyo afisa anapaswa kuweza kukuonyesha kiwango kimetoka wapi.

Pili, chukua nambari ya biashara kutoka kwenye bili yenyewe au kwenye ofisi ya kaunti. Usichukue kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani wala kwenye ujumbe uliosambazwa kwenye kikundi.

Tatu, soma jina la mpokeaji linapotokea kwenye skrini kabla ya kuweka nambari ya siri. Likiwa jina la mtu binafsi, acha hapo hapo. Katiba inataka mapato ya kaunti yaingie kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale ambayo sheria imeyatenga kama yale ya hospitali. Simu ya afisa si mfuko wa kaunti, hata akiwa amevaa sare, na hata akikuambia mtambo uko chini leo. Mtambo ukiwa chini kweli, mwambie akuandikie bili, utalipa ukirudi.

Nne, hifadhi ujumbe wa kuthibitisha na usiufute. Una nambari ya muamala, saa, kiasi na akaunti. Mwandikie pia mtu mwingine nyumbani, kwa sababu simu huibiwa na huharibika.

Tano, chukua risiti au kibali chenyewe, kisha ukisome. Je, jina la biashara ni lako? Je, kipindi ni sahihi? Je, salio ni sufuri? Hapo ndipo malipo yamekamilika. Kabla ya hapo, umetuma pesa tu.

Mambo yakienda kombo

Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, tupigie mara moja. Dakika zina maana. Pesa ikiwa imeenda kwa mtu binafsi ambaye hajaitoa, tuna nafasi nzuri zaidi ya kuizuia. Ikiwa imeingia kwenye akaunti ya taasisi, hatuwezi kuitoa bila taasisi hiyo kukubali, kwa sababu hatujui kama unaidai au ulikuwa unadaiwa.

Ukituma kwa kaunti yenyewe lakini kwa nambari ya akaunti isiyo sahihi, pesa haijapotea. Nenda kwa idara ya mapato na bili yako, kitambulisho na ujumbe wa kuthibitisha. Omba pesa ihamishiwe kwenye bili sahihi, na uandikiwe kwamba umeomba. Karatasi hiyo yenye muhuri inaweza kukusaidia mkaguzi akija kabla mtambo haujarekebishwa.

Ukitumia simu ya mtu mwingine kulipa, sema hivyo mapema. Ujumbe utakuwa na jina lake, na afisa atauliza.

Kama ofisi haikujibu, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21. Unaweza kuomba taarifa ya akaunti yako, au kuuliza ada fulani imewekwa na sheria gani. Ukikataliwa au ukinyamaziwa, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko.

Kwa nini ujisumbue na haya yote

Huenda ukasema, shilingi chache za soko, kwani kuna nini? Kuna mawili.

La kwanza ni biashara yako. Siku moja ya duka kufungwa inaweza kukugharimu zaidi ya ada yenyewe, na mboga za Marikiti hazingojei Jumatatu.

La pili ni mji wenyewe. Pesa iliyoingia kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti haitoki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua matumizi yake kila mwaka. Pesa iliyoingia kwenye simu ya mtu haina wa kuidhinisha wala wa kuikagua. Taa ikizimika karibu na stendi na ukauliza ushuru wenu uko wapi, swali lako lina nguvu ukiwa na risiti mkononi.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Mswada wa Fedha wa kila mwaka lazima uletwe kwa wananchi watoe maoni kabla haujapitishwa, na hapo ndipo ada za soko, maegesho na vibali hujadiliwa. Ukisikia tangazo la mkutano huo, beba risiti zako za mwaka mzima uende nazo. Mfanyabiashara anayejua hasa amelipa nini, kwa idara gani na mara ngapi, ni vigumu kumpuuza.