Dawa ya Shambani Haifi kwa Kufukiwa

Nyumba nyingi za wakulima zina kona ya dawa: nusu chupa ya dawa ya viwavi ya msimu uliopita, pakiti ya dawa ya ukungu iliyoganda, dumu ambalo karatasi yake imeshabanduka. Siku ya usafi vyote hufukiwa shimoni nyuma ya nyumba au hutupwa motoni, na mwenye nyumba akapumua. Sumu inavyofanya ikishaingia udongoni tunajua vizuri, kwa sababu imepimwa hapahapa kwetu, Vikuge, mkoani Pwani.

Vikuge ni shamba la serikali linalojulikana kwa malisho ya mifugo. Mwaka 1986 ulifika hapo msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, vingine vikiwa vimeshapita muda wake. Viliwekwa kwenye banda la wazi, banda likaja kuanguka, mvua ikavinyeshea. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Watafiti waliopima eneo hilo baada ya usafi huo walichapisha matokeo yao mwaka 2004, nayo yanatisha: katika udongo wa juu, DDT na masalia yake vilifikia hadi asilimia 28. Yaani ukichota kilo moja ya udongo mahali pabaya zaidi, gramu 280 ni sumu. Chini, nusu mita kutoka juu, bado ilikuwepo. Maji nayo yalikutwa na viuatilifu hadi mikrogramu 30 kwa lita, wakati kiwango cha mwisho Ulaya kwa maji ya kunywa ni nusu mikrogramu kwa viuatilifu vyote vikijumlishwa.

Sababu iko katika umbile la sumu yenyewe. DDT ina klorini iliyoshikamana nayo kwa namna ambayo bakteria wa udongoni hawawezi kuivunja kirahisi. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, bali hupenda mafuta. Kwa hiyo hung'ang'ania udongo, kisha hupanda hadi kwenye yai la kuku anayechakura hapo, kwenye maziwa ya ng'ombe na ya mama anayenyonyesha. Mwenzake aliyekutwa Vikuge, kiuatilifu kiitwacho HCH, huyeyuka zaidi kwenye maji, na hivyo huifuata njia ya maji kwenda chini.

Utasema dawa za leo si DDT. Ni kweli, nyingi huoza haraka zaidi zikipulizwa shambani, kwenye jua, hewa na vijidudu vingi vya udongo. Shimoni hakuna jua, hewa ni haba, na dawa nzito ya mahali pamoja huua vijidudu vilevile ambavyo vingeivunja. Moto wa takataka ndio mbaya zaidi. Tanuri la kuteketeza viuatilifu hufika nyuzi 1,100 na kuendelea, na moshi hushikiliwa kwenye joto hilo kwa takriban sekunde mbili. Moto wa uani haukaribii hapo. Klorini iliyomo katika baadhi ya dawa huweza kuungana upya na kuwa dayoksini, sumu inayosababisha saratani, na watoto wako wanavuta moshi huo.

Kwa chupa tupu, dawa yake ni hesabu. Tuseme kila ukimimina hubaki mililita 10 ukutani mwa chupa. Ukiosha mara moja kwa mililita 750 za maji, ukali wa mabaki hupungua mara 76. Ukiyagawa maji hayohayo mara tatu, mililita 250 kila mara, ukatikisa na kumimina, ukali hupungua mara 26, kisha 26 tena, kisha 26 tena: zaidi ya mara 17,000. Maji ni yaleyale. Kila suuzo mimina ndani ya bomba la kupulizia, upulizie mazao pamoja na dawa, kisha toboa chupa ili asije mtu akaiwekea mafuta ya taa au maziwa. Osha palepale unapochanganyia, kwa sababu dawa ikishakauka haitoki kirahisi.

Dawa iliyobaki na ambayo haijapita muda, itumie kwa zao lililoandikwa kwenye lebo au mpe jirani anayelima zao hilo, ikiwa ndani ya chupa yake ya asili. Usiihamishie kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto haoni tofauti. Iliyopita muda, au isiyo na lebo, iache ndani ya chombo chake, ifungie mbali na chakula, visima na kuku, kisha mwambie afisa ugani wa kata au ofisi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Inahitaji tanuri maalumu, na mkulima hana. Serikali za kijiji, nanyi mnaouza pembejeo, msimwachie mkulima mzigo huu peke yake: tengeni siku ya kukusanya kabla ya mvua za masika. Nawe msomaji, nenda leo ukaitazame kona yako ya dawa, usome tarehe moja moja, na msimu ujao ununue dawa inayotosha shamba lako tu.