Papasha na mdogo wake: rashasha zilizovunja rekodi kiwandani

Katika Vita vya Pili vya Dunia hakuna rashasha ndogo ya mkononi iliyotengenezwa kwa wingi kama PPSh-41 ya Umoja wa Kisovieti: takriban milioni 6. Sten ya Waingereza, iliyosifika kwa urahisi wake, iliishia milioni 4 hivi. MP 40 ya Wajerumani, ile isiyokosekana kwenye filamu, ilifika kama milioni 1 tu.

Wanajeshi wa Kisovieti waliiita PPSh-41 Papasha. Georgy Shpagin aliibuni ili ichukue nafasi ya PPD, bunduki nzuri lakini ya kuchongwa kipande kwa kipande, saa 13.7 za mashine kwa kila moja. Yeye akachukua mabamba ya chuma, akayakandamiza kwa mashine na kuyaunga kwa moto. Muda ukashuka hadi saa 7.3. Mtutu nao ulikuwa na kipenyo kilekile cha milimita 7.62 cha bunduki ya Mosin, hivyo mtutu mmoja wa Mosin uliweza kukatwa ukatoa miwili.

Kwa kasi pia iliwaacha wenzake mbali: risasi 900 hadi 1,000 kwa dakika, wakati MP 40 ilikuwa kwenye 500. Magazini yake ya duara ilibeba risasi 71. Ukikaza kidole, zinakwisha ndani ya sekunde tano! Kuijaza ndiyo kulikuwa adhabu. Unafungua kifuniko, unakaza springi, kisha unasimamisha risasi moja moja kwenye mzunguko wake. Jaribu hayo kwenye baridi ya Urusi, vidole vimekufa ganzi. Wazo la duara hilo lilitoka kwa Suomi, rashasha ya Wafini iliyowatesa Wasovieti katika vita vya 1939–40.

Kituko kikubwa kuliko vyote ni ndege ya Tu-2 iliyofungwa Papasha 88 tumboni, midomo ikielekea chini. Risasi zikiisha, rubani hana la kufanya ila kurudi kiwanjani. Jaribio likaishia hapo.

Lakini kwa ubunifu, kura yangu naipa PPS-43. Alexei Sudayev aliikamilisha Leningrad, mji ukiwa umezingirwa, chuma na mafundi vikiwa haba. Saa 2.7 za mashine, kilo 6.2 za chuma. Papasha ilikula kilo 13.9. PPS-43 ilikuwa nyepesi zaidi, kitako chake kilikunjwa, na ilifyatua taratibu, jambo lililomsaidia askari kulenga na kutomaliza risasi kabla ya wakati. Haikuifuta Papasha kwa sababu viwanda vilikuwa vimeshafungwa mitambo ya Shpagin, na katikati ya vita hakuna anayethubutu kusimamisha kiwanda kinachozalisha. Sudayev alifariki Agosti 1946 akiwa na miaka 33, na bunduki yake haikufikia hata nusu ya idadi ya Papasha.