BASTOLA MOJA, WAPENZI WAWILI: NANI ASHIKE UFUNGUO?

NIPO hapa hapa Mpanda, mwisho wa reli, jua kali na migebuka tele sokoni. Ila mwezi uliopita nusura niachike kabla hata sijaolewa. Sababu si mwanamke mwingine, wala si mahari. Sababu ni bastola! Kaa mkao wa kula nikupe kisa chote.

Mimi na mchumba wangu tuna ugonjwa mmoja. Tunazimia bastola ndogo. Si mitutu mikubwa ya jeshini, hapana. Zile za kuingia mfukoni, ambazo vijiweni wanaziita mguu wa kuku. Ilianza siku ya kwanza aliponialika kwenye kibanda umiza kimoja pale Makanyagio. Wenzetu siku kama ile huenda kula chipsi, sisi tukakaa kwenye benchi kuangalia majambazi na polisi wanavyokimbizana. Nikamnong'oneza, "Hivi ile aliyoshika yule dada inaitwaje?" Jamaa akageuka, akanitazama kama mtu aliyeokota dhahabu. Mpaka leo anasema pale pale alikata shauri kunioa.

Basi tukanunua kaunta buku moja nene, gundi na mkasi. Kila Jumapili jioni tunabandika picha moja, tunaandika ilitengenezwa wapi, mwaka gani na nani. Mwaka wa tatu sasa. Wengine wanakusanya picha za wanamuziki, sisi tunakusanya vyuma vya karatasi.

NDANI YA DAFTARI
Ukurasa wa kwanza yupo Walther PPK ya Mjerumani, ya mwaka 1931. Hii ndiyo aliyokabidhiwa James Bond kwenye filamu yake ya kwanza ya mwaka 1962. Ni ndogo, nyembamba, inakaa ndani ya koti la suti bila kuonyesha hata mkunjo. Mchumba wangu ndiyo anayoihusudu.

Ukurasa unaofuata ni Makarov ya Warusi, iliyoingia jeshini kwao mwaka 1951. Risasi nane, haina mbwembwe. Halafu ipo Glock 19 ya mwaka 1988 kutoka Austria. Hiyo ndiyo yangu mimi. Nimeipendea kisa chake: mwenye kiwanda, mzee Gaston Glock, kabla ya kuanza bastola alikuwa akitengeneza vyuma vya kutundikia mapazia na visu. Hakuwahi kutengeneza bunduki maishani mwake. Akaja na bastola yenye mwili wa plastiki ngumu, watu wakamcheka. Leo polisi wa nchi nyingi wanaibeba.

Lakini ukurasa ambao huwa tunautazama kimya ni ule wa FN Browning ya mwaka 1910, iliyotengenezwa Ubelgiji. Kitu chenyewe kinakaa kiganjani. Tarehe 28 Juni 1914, pale Sarajevo, kijana mmoja aitwaye Gavrilo Princip alisimama kando ya gari akafyatua mbili. Moja ikampata Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria. Nyingine ikampata mkewe, Sophie, aliyekaa ubavuni kwake. Wote wawili wakafa. Princip alisema baadaye kwamba mwanamke hakumkusudia.

Wiki chache baadaye dunia nzima ikawaka vita, na vita hiyo ikafika hadi kwetu. Mwaka 1915 Wajerumani waliteremsha majini pale Kigoma meli yao ya kivita, Graf von Götzen. Ndiyo hiyo hiyo MV Liemba ambayo wazee wa Karema na Ikola wamepanda na magunia yao ya dagaa. Yaani kidude cha kiganjani kilifyatuliwa Ulaya, mtikisiko ukafika Ziwa Tanganyika!

KASHESHE LAANZA
Sasa sikia. Mchumba wangu kazi yake ni kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Anakwenda machimboni na pikipiki, pesa kiunoni. Mwezi uliopita mwenzake mmoja alivamiwa njiani, akapigwa rungu la kichwa, wakambeba kila kitu hadi viatu. Jamaa yangu alirudi kutoka kumwona hospitali akiwa amenuna. Hakula. Akalifungua daftari, akalifunga. Kisha akasema:

"Mchumba, haya makaratasi basi. Tununue ya kweli. Yangu moja, na baadaye yako moja. Tufanane, kama pete."

Msomaji wangu, nisikudanganye. Moyo ulinidunda kwa raha! Nikajiona nimesimama kioo mbele, Glock kiunoni, kama yule dada wa sinema. Raha hiyo ilidumu kama dakika mbili. Kisha nikauliza pesa itatoka wapi. Akajibu bila kupepesa, "Zile za harusi."

Ehee! Hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Tukalala mzungu wa nne.

KWA BABA MDOGO
Ninaye baba mdogo pale Kashaulili, mfanyabiashara wa duka la jumla, anamiliki bastola kihalali tangu Mpanda ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, yaani kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012. Jumamosi tukamwendea wote wawili.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mkwe, karibu. Mbona mmekaa mbali mbali kama kesi?"

Tukamweleza. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatupa darasa ambalo kidato cha nne sikulipata.

Kwanza, alisema, Tanzania hukusanyi bastola kama mtu anayekusanya stempu. Kwa sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, kila chuma kina leseni yake na kila leseni ina jina la mtu mmoja. Unaanza na barua serikali ya mtaa, wale wanaojua kama wewe ni mlevi au mgomvi. Unakwenda kata, wilaya, mkoa, kamati za ulinzi na usalama zinakujadili, polisi wanachukua alama za vidole, ndipo jalada linakwenda kwa msajili. Lazima ueleze sababu, na lazima uonyeshe umefundishwa kuitumia. Ukishapata, bado utaitwa. Mwaka 2016 nchi nzima wenye silaha waliitwa kuhakikiwa, na yeye alipanga foleni na chuma chake kama mama wa kliniki na mtoto.

Pili, akanigeukia mimi. "Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Basi wewe sheria haikujui mpaka 25. Na hata ukifikisha, ya mumeo si yako. Akiiacha mezani ukaishika, ukatoka nayo nje, wewe ni mtu mwenye silaha bila leseni. Hakuna kitu kinaitwa bastola yetu."

Nilimtazama mchumba wangu. Ile habari ya kufanana kama pete ikayeyuka pale pale.

Akatukumbusha na mambo ya huku kwetu. Nani Katavi hajasikia kesi za magobore? Mtu amerithi gobore la babu yake, analificha darini, anasema ni la kufukuzia ngedere shambani. Siku akikamatwa, kesi yake inaangukia kwenye uhujumu uchumi, na hapo kifungo si cha miezi, ni miaka 20 kwenda juu. Ndiyo maana serikali inapotangaza muda wa msamaha, wenye akili wanayapeleka wenyewe polisi au kwa mtendaji wao. Kuwa na chuma si ujanja. Ujanja ni karatasi.

SIKU ALIYOIPELEKA POLISI
Mchumba wangu akauliza swali la kidume, "Baba mdogo, umewahi kuitumia?"

Mzee akanyamaza. Kisha akatuonyesha, kwa mbali, kisanduku cha chuma kilichofungwa ukutani kwa nondo. Hakukifungua. Risasi, alisema, zinakaa kwingine, na ufunguo haumtoki mwilini, hata bafuni anaingia nao.

"Kwa mtu sijawahi kuifyatua," alisema. "Kazi kubwa niliyofanya miaka yote hii ni kuificha. Kuwaficha watoto, kumficha mama yenu, na mara moja nilijificha mimi mwenyewe."

Mara moja? Ndiyo. Mwaka aliozika mtoto wake wa kwanza. Alikuwa halali usingizi, kila neno la mkewe lilimchoma. Usiku mmoja alijikuta amekaa mbele ya kisanduku, ufunguo mkononi, hajui amefikaje pale. Asubuhi alikwenda polisi akaomba wamhifadhie. Alikaa bila bastola miezi saba.

"Mwizi nilimwogopa kidogo," alisema. "Yule wa usiku ule, yaani mimi, nilimwogopa sana."

SIMU ILIYOVUNJIKA
Njiani tulitembea kimya. Tulipofika karibu na stesheni ya reli nikamwambia jambo ambalo nilikuwa nimelimeza tangu mwaka jana.

Mwaka jana kwenye harusi ya rafiki yangu, jamaa yangu aliona meseji kwenye simu yangu. Ilikuwa ya binamu yangu. Kabla sijasema neno, simu ilikuwa imepasuliwa ukutani. Ilichukua muda gani? Nadhani hata dakika haikufika. Kesho yake alilia, aliomba radhi, akaninunulia nyingine nzuri kuliko ile. Nilimsamehe, na nampenda. Lakini nikamwuliza pale stesheni, "Siku ile kama mkononi ungekuwa na Walther yako, ungeninunulia nini kesho yake?"

Hakujibu.

Nikamkumbusha mambo ambayo hayamo kwenye daftari letu, kwa sababu hatukuwahi kuthubutu kuyabandika. Mwanariadha Oscar Pistorius wa Afrika Kusini, mtu aliyezipenda silaha kama sisi, alifyatua risasi nne kwenye mlango wa choo nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, Siku ya Wapendanao. Alisema alidhani ni mwizi. Nyuma ya mlango alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Hatimaye mahakama ikasema ni mauaji, na mwaka 2017 kifungo chake kikapandishwa hadi miaka 13 na miezi mitano. Reeva hakurudi.

Na wala si mbali. Mei 2022, pale Buswelu, Mwanza, mwanamke kijana aliuawa kwa risasi nyumbani kwake, ndoa yao ikiwa changa kabisa. Siku chache baadaye mwili wa mumewe ukaopolewa Ziwa Victoria. Ugomvi ambao kesho yake ungeisha kwa wazee kukaa kitako uliondoka na watu wawili.

Sisemi kila mwenye bastola ni muuaji. Baba mdogo siyo. Ninachosema ni hiki, dada yangu na kaka yangu: wapenzi wanaponunua bastola wanafikiria mwizi wa usiku, wanasahau usiku wa ugomvi. Na mwizi anaweza asije miaka kumi. Ugomvi je, upo wiki gani haukuja? Ufunguo ataushika mmoja, leseni ina jina la mmoja, lakini anayelala jirani na kile kisanduku ni wawili. Kwa hiyo kabla ya barua kufika serikali ya mtaa, inabidi ipite kwanza chumbani. Yule asiye na jina kwenye leseni naye aulizwe, na akisema hapana, iwe hapana.

TUMEFIKIA WAPI?
Utauliza, na majambazi je? Hilo nalo tulikaa tukalichambua kwa akili. Tangu mwaka 2019 serikali imeanzisha masoko ya madini, na Mpanda lipo. Mchumba wangu na wenzake wameanza kuongozana, wanatembea mchana, na malipo mengi sasa yanapita kwenye simu na benki badala ya kiunoni. Jambazi anapora pesa. Akijua kiunoni hamna kitu, atapora rungu lake mwenyewe? Na akijua una bastola, si atataka na hiyo?

Jumapili iliyopita tulikwenda Sitalike kuangalia viboko kwenye Mto Katuma. Maji yamepungua, wamejazana kwenye tope kama watu kwenye daladala, mmoja akikohoa wote wanakohoa. Askari wa hifadhi alikuwa amesimama pembeni, bunduki begani. Zamani mchumba wangu angemkodolea macho ile bunduki. Safari hii alinishika mkono akasema, "Ona huyu jamaa ana silaha, ila macho yake yapo kwa viboko na kwa watu. Hata haigusi." Nikatabasamu tu.

Nisijisifu sana, maana hajasema amekubali moja kwa moja. Amesema tusubiri harusi ipite, na mimi nitimize 25 mwakani, ndipo tuzungumze upya. Rasimu ya barua ya maombi kwa serikali ya mtaa ameichomeka ukurasa wa mwisho wa daftari, haijasainiwa. Juu yake nimebandika kipande cha kioo cha ile simu yangu iliyovunjika. Ameona, na hajakibandua.

Wewe msomaji je, ungekuwa mimi, barua ile ungeiacha isainiwe? Niandikie kupitia gazeti hili. Pesa za harusi zipo salama, mambo ya sare na ukumbi nitakupasha wiki ijayo. Kwa leo, alamsiki!