Makala ya kusoma na makala ya kuwasha

Msomaji wa jarida hili anajua makala ya kusoma, neno lililotoka Kiarabu. Kituku, kando ya Ziwa Kivu, makala hushushwa kwa magunia: ni mkaa. Mwanafunzi akiliandika hivyo katika insha, husahihishwa mara moja: "Sema makaa." Sahihisho hilo linamfaa siku ya mtihani, ila linamwachia fikra kwamba mama yake nyumbani huharibu Kiswahili.

Tutazame kwanza chombo ambamo makala huwaka, yaani mbabula. Marekani kuna watu wanaokusanya majiko ya zamani ya Weber, yale ya duara yenye mfuniko yaliyobuniwa mwaka 1952, wakayasugua kutu na kuyachomea nyama tena. Kwetu mbabula kuukuu hufufuliwa ili ipike leo jioni. Kinachoisha kwanza ni bati la matundu linalobeba makala, maana hapo ndipo moto ni mkali na hewa hupita. Fundi hukata duara jipya, hulitoboa kwa msumari na nyundo, hulipachika ndani. Bati la pipa la mafuta hudumu kuliko bati la nyumba, ambalo ni jembamba mno. Mbabula yenye udongo ndani hutumia makala machache kwa kuwa udongo hushika joto. Udongo ukipasuka, joto hupotelea nje. Anayepika sombe au maharagi, vyakula vya moto wa muda mrefu, huona hasara hiyo upesi kwenye mfuko wa makala.

Sasa turudi kwenye neno. Mbabula inaelekea kuwa na shina moja na kitenzi kubabua, kuunguza kwa moto, ambacho kamusi sanifu inacho. Tofauti ni l. Kinyarwanda husema imbabura, na mkaa huuita amakara; Lingala husema makala. Hali kadhalika njaa: Lingala nzala, Kinyarwanda inzara. Ni utaratibu unaojirudia: katika maneno haya Kiswahili cha pwani kiliangusha l ya kale, na jirani zake wakabaki nayo, wengine kama r. Kwa hiyo makaa ndilo umbo lililopoteza kitu, ingawa ndilo tunaloambiwa ni kamili.

Sidai kwamba Kiswahili cha Goma kilitunza l hiyo tangu zamani. Naona yaelekea zaidi kwamba wasemaji waliichukua kwa jirani, wanaozungumza nao kila siku sokoni. Hata hivyo ni mkopo wenye sauti ya kale kuliko neno la kamusi. Mhadhiri aendelee kuandika "makaa" pembeni, kwa kuwa mtihani unataka usanifu. Ninaloomba ni kwamba asiliite makala kosa la matamshi. Zanzibar chombo chenyewe huitwa pia seredani, nasi hufundishwa neno hilo kama utajiri wa lahaja.