Leo Mwezi Ngapi?

Katika visiwa vya Lamu, mtu anayetaka kwenda Siyu kumjulia hali shangazi yake haanzi kwa kuuliza nauli. Huuliza leo mwezi ngapi. Hakusudii Juni wala Julai. Anataka kujua mwezi ulioandama una siku ngapi, kwa kuwa jibu hilo litamwambia aondoke saa ngapi, atue gati gani, na kama atalala huko au atarudi siku hiyohiyo. Kazi yangu ni kufundisha vijana elimu ya maji na uendeshaji wa vyombo vidogo, na kila mwaka napata wanafunzi waliozaliwa hatua chache kutoka pwani ambao swali hilo hawajui kulijibu. Jambo hili linaniuma. Ninawaandikia wao, na yeyote mwenye jamaa ng'ambo ya maji.

Visiwa vikubwa ni Lamu, Manda na Pate. Ndau na Kiwayu viko kaskazini zaidi. Kisiwa cha Pate peke yake kina miji ya Pate, Siyu, Faza, Tchundwa, Mbwajumwali na Kizingitini, na ni shida kuipata familia ambayo watu wake wote wanakaa mji mmoja. Mtu huzaliwa Shela, akaoa Faza, akamzika mama yake Matondoni. Njia ya kuwaunganisha ni maji, na mengi ya maji hayo ni haba: mafungu ya mchanga, vipwa, mikono ya bahari inayopenya katikati ya mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii. Kati ya Manda na bara kuna Mkanda, mlango mwembamba ambao kwa vizazi uliwapa wasafiri wa Pate njia ya ndani yenye utulivu, wasilazimike kuizunguka Manda kwa nje ambako wimbi la kusi huja moja kwa moja kutoka bahari kuu. Lakini kwa vizazi hivyohivyo Mkanda ulipitika maji yakijaa tu.

Basi tuanze na maji. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Dakika 50 hizo zinatokana na mwendo wa mwezi: dunia ikimaliza kujizungusha mara moja, mwezi umekwisha kusogea mbele kidogo, ikabidi dunia izunguke zaidi kidogo ndipo iufikie tena. Jua nalo huvuta maji, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapopevuka, jua, dunia na mwezi hukaa kwenye mstari mmoja, mivuto miwili ikasaidiana, na baada ya siku moja au mbili tunapata bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hupingana, na tunapata maji mafu. Hapa kwetu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 3 wakati wa bamvua. Wakati wa maji mafu ni kama mita 1 tu.

Lipo jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, nalo ndilo lenye manufaa makubwa kwa msafiri. Kila pwani ina saa yake ya bamvua, na saa hiyo haihamihami. Umbo la bahari na la sakafu yake ndilo linaloiamua. Kwetu, maji ya bamvua hujaa kati ya saa 10 na saa 12, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo ukizijua siku za mwezi, umeijua saa ya maji. Mwezi mosi, weka saa 11. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50. Mwezi nane utapata karibu saa 5 asubuhi, na mwezi kumi na tano umerudi karibu saa 11. Hesabu hii si kamili, kwa sababu karibu na bamvua maji huchelewa kwa chini ya dakika 50, na karibu na maji mafu huchelewa zaidi. Nahodha wa meli atatumia jedwali la Mamlaka ya Bandari. Lakini kwa mtu aliyesimama gatini na kikapu mkononi, hesabu ya kichwa inatosha.

Sasa iweke hesabu hiyo kwenye sikukuu. Idi ya mfungo mosi huwa mwezi mosi siku zote, kwa hiyo huangukia kwenye bamvua siku zote, iwe kusi au kaskazi. Watu wanapotoka kuswali Idi, maji yako mbioni kutoka. Ifikapo saa 5 asubuhi mikono ya bahari imebaki tope, na maji hayatajaa tena hadi saa 11 jioni. Anayetaka kuswali Idi na wazee wake Siyu avuke siku moja kabla. Idi ya kuchinja ni tofauti kabisa. Iko mwezi kumi wa mfungo tatu, na siku hiyo maji hujaa baada ya saa 6 mchana: nafasi ya kuswali, kuchinja, na kuwapelekea jamaa fungu lao kabla nyama haijaharibika. Ila maji hayo ndiyo kwanza yanatoka kwenye umafu, hayana nguvu. Chombo kizito hakitafika mwisho wa mkono wa bahari, afadhali kwenda na hori. Na Maulidi ya Lamu, aliyoyapa sifa Habib Swaleh wa Riyadha, hufanyika wiki ya mwisho ya mfungo sita, kwa hiyo wageni wa Pate na Faza wanaoyawahi mapema huja kwa maji mafu na kurudi makwao kwa bamvua. Mwenyeji anayelijua hilo hamuulizi mgeni kwa nini anaaga alfajiri.

Linalofuata nililijua kwa taabu. Nilikuwa na umri wa miaka 19, mwezi ulikuwa tano, na maji yalijaa saa 2 na dakika 20 asubuhi. Nilikuwa ndani ya mashua ya ami yangu, tumempakilia shangazi magunia mawili ya unga na mikate ya mofa. Nikamwomba ami tungoje halwa itoke jikoni. Akaniambia, "Mwanangu, maji yanageuka," lakini alinihurumia, akangoja. Tulipoingia kwenye mkono wa Siyu ilikuwa saa 5 na dakika 20, saa 3 kamili baada ya maji kujaa. Hatukuenda mbali. Mkuku uligusa tope, ami akachukua upondo, akasukuma mara mbili tatu, kisha akauweka chini bila kusema neno. Tumepwelewa.

Kwa nini saa 3 ziwe nyingi hivyo? Kwa sababu maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Gawa maji yote yatakayotoka katika sehemu 12. Saa ya kwanza hutoka sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ukichelewa saa moja wakati wa bamvua ya mita 3, umepoteza sentimita 25, na hutaona tofauti. Ukichelewa mbili umepoteza 75. Ukichelewa tatu umepoteza mita moja na nusu, yaani nusu ya maji yote. Anayechelewa hudanganywa na ile saa ya kwanza iliyopita bila madhara, akadhani ya pili na ya tatu zitakuwa kama hiyo.

Kanuni hiyohiyo itakuambia utakwama kwa muda gani. Aliyegusa chini saa 3 baada ya maji kujaa, ataelea saa 3 kabla ya kujaa tena. Sisi tulielea saa 12 kasorobo jioni. Tuliiegemeza mashua kwa magadi isilale ubavu, tukakaa katikati ya mikoko na mbu wake. Alasiri tuliona watoto wawili wanakuja kwa miguu, tope mpaka magotini, wamejitwika chungu. Shangazi alikuwa ameuangalia mwezi jana yake, akalitazama jua, akajua tulipo. Ulikuwa wali wa nazi na samaki. Sikuweza kumtazama ami usoni tulipokuwa tukila.

Kuna kukwama kubaya kuliko huko. Ukipanda fungu wakati maji yamefika kilele cha bamvua, kila maji ya siku zinazofuata yatakuwa pungufu kuliko yale yaliyokupandisha, na huenda chombo kikakaa hapo wiki mbili kikingojea bamvua nyingine. Kwa hiyo usijaribu njia usiyoijua kwenye kilele. Ijaribu maji yakiwa bado yanapanda, ili kosa lako lisahihishwe na bahari yenyewe.

Upepo nitaugusa kwa ufupi. Kusi hukuchukua kutoka Lamu kwenda Pate na kukufanya ubishe kurudi. Kaskazi hufanya kinyume chake. Injini zimepunguza taabu hiyo, ingawa mafuta yana bei yake na bado sijaona injini inayopita juu ya tope. Maji yakiwa madogo, ushuke Mtangawanda kwenye kina, kisha utembee kama saa moja hadi mji wa Pate. Wengi huona aibu kufika kwa miguu na mizigo kichwani. Mimi nawasihi waione ni njia halali kama nyingine. Na jaketi ya kujiokoa ivaliwe na kila mtu, hata kwenye mkono wa bahari unaoonekana kama bwawa.

Hata waliotangulia huzuriwa kwa hesabu hii. Takwa, mji uliohamwa katika kisiwa cha Manda, hufikiwa kwa mkono wa mikoko unaopitika maji yakijaa, na watu wa Shela, wanaojihesabu kuwa wazao wa Takwa, huenda huko kuomba dua kwenye kaburi la nguzo. Dua huanza na kumalizika kwa kuchunga maji ya kurudia.

Shangazi yangu ni mzee sasa. Nikimpigia simu kumwambia nataka kuja, haniulizi tarehe. Husema, "Njoo mwezi kumi na sita." Siku hiyo maji hujaa saa 11 na nusu jioni, mashua hufika mpaka karibu na nyumba za mwanzo, na mwezi hutoka baada ya giza kuingia. Tunakula, tunakaa barazani kwenye mwanga huo tukizungumza, ananipa habari za kila mtu, walio hai na waliokufa. Maji hujaa tena karibu saa 12 alfajiri. Ni usiku mmoja kamili, naye tangu jana yake amekwisha kuuliza ni nani mwingine atakayekuwamo chomboni, ajue akune nazi ngapi.