Niania: njia panda ambayo majeshi hayaiachi

Niania, katika eneo la Mambasa, Ituri, si mji mkubwa. Lakini hapo ndipo barabara ya taifa namba 4, inayotoka Kisangani kwenda Bunia, inakutana na ile ya Wamba na Isiro. Mwenye kuishika Niania anashika njia tatu.

Warumi wa zamani walilijua jambo hilo. Mwaka 312 kabla ya Kristo walianza kujenga barabara ya Via Appia, kutoka Roma hadi Capua, ili askari wapite haraka katika vita na Wasamnite. Hannibal wa Carthage aliwapiga vibaya huko Cannae mwaka 216, lakini mji wa Roma hakuuteka. Warumi walibaki na washirika, chakula na njia za kupeleka jeshi jipya.

Kwetu, mwishoni mwa 2002, askari wa MLC ya Jean-Pierre Bemba na RCD-N ya Roger Lumbala walishika barabara ya Mambasa, wakiilenga Beni, ngome ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi. Wakaaji waliuawa, wakabakwa, wakaporwa, Wambuti pia. Mapatano ya Gbadolite ya tarehe 30 Desemba 2002 yalihusu pembe nne: Isiro, Bafwasende, Beni na Komanda. Niania iko ndani yake.

Kwa wakaaji, amani inapimwa hapo hapo njia panda: je, lori la mchele linapita bila kumlipa mwenye bunduki?